Mpishi wa Watalii Aliyeshindwa na Wodi ya Wanawake, Kisha Akashinda

Adhana ya alfajiri imekwisha muda si mrefu, na Kibwana Dzombo tayari ana ugomvi na moto. Kuni za mkorosho zilinyeshewa jana, moshi umejaa jikoni, na sufuria la uji wa wimbi halijaanza hata kutoa mvuke. Anainama, anapuliza, anakohoa, kisha anaziambia kuni maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha.

"Wodi nzima inanisubiri mimi, na nyinyi mnanifanyia maringo," anamalizia, akijifuta macho kwa pindo la aproni.

Kibwana ana umri wa miaka hamsini na miwili, kitambi cha mtu anayekionja kila anachokipika, na sauti inayosikika mpaka langoni. Ni mpishi mkuu wa hospitali ndogo iliyo kando ya barabara ya kwenda Lungalunga, ukishaipita Msambweni. Wakuu wa hospitali wameomba jina la hospitali lisitajwe, kwa kuwa habari yenyewe inaanza na aibu.

Jua linapochomoza, uji umeiva. Mapenzi ya Kibwana kwa uji ni ya kweli: anaukamulia ndimu, anauongezea maziwa, anauonja, anautazama, anauonja tena. Mayai yamechemka upande wa pili. Mchana kutakuwa na sima, mchicha wa tui na samaki aina ya tasi walioletwa kutoka kijiji cha wavuvi cha Bodo, ambao wenzake wawili wanawapara mlangoni huku wakibishana kuhusu mpira.

Bakuli za uji zinapelekwa wodini, na baada ya muda zinarudi. Kibwana anaziacha kazi zote na kwenda kuzitazama moja moja. Zote ni tupu.

Miezi mitatu iliyopita zilikuwa zikirudi zimejaa, na jiko hili lilikuwa limeshahukumiwa kufungwa.

Kibwana alizaliwa kijiji cha jirani na Msambweni na akaanza kazi kwa kuosha sufuria katika hoteli moja ya ufuoni, Diani. Alipanda ngazi polepole, akafika cheo cha kusimamia chakula cha jioni. Aliwapikia Wajerumani na Waitaliano, na mpaka leo anaweza kukwambia kwa Kijerumani kwamba pweza yuko tayari. Watalii walipopungua, hoteli ikafungwa na wafanyakazi wakarudishwa makwao. Kibwana akakaanga viazi kandokando ya barabara pale Ukunda hadi aliposikia kuwa kuna hospitali inayotafuta mpishi.

Mshahara ulikuwa shilingi elfu ishirini na mbili kwa mwezi, karibu nusu ya ule aliouzoea. Aliupokea kwa mikono miwili, lakini moyoni alijiona kama bwana harusi aliyekuja kuokoa nyumba ya maskini.

"Nilisema hawa watu hawajawahi kuona chakula," anasimulia, akicheka mpaka mabega yanatikisika. "Nilisema watanijua mimi ni nani."

Basi akawapikia wagonjwa kama alivyowapikia watalii. Sima aliipima kwa kikombe kidogo na kuipindua katikati ya sahani kubwa. Karoti alizichemsha nusunusu, ziwe ngumu kidogo, kama wazungu wanavyozipenda. Mchuzi aliuchirizisha pembeni kwa mstari mmoja mwembamba.

Siku ya kwanza, ajuza mmoja aliyelazwa karibu na mlango aliitazama sahani yake kwa muda mrefu, kisha akamuuliza muuguzi kwa upole nani alikuwa ameila kabla yake.

Kibwana alikasirika, lakini si mjinga. Akaachana na mambo ya hotelini na kurudi kwenye mapishi aliyoyaona kwa mama yake, Bi Mwanaima: mbaazi za nazi, kunde, samaki wa mchuzi, muhogo wa tui. Alikuna nazi kwa mkono ilhali zipo mashine. Harufu ilitoka jikoni ikavuka ua, na watu waliokuja kuchukua dawa wakawa wanauliza kama kuna harusi.

Sahani ziliendelea kurudi. Wodi ya watoto walikula, lakini kutoka wodi ya wanawake, iliyo kubwa kuliko zote, chakula kilirudi karibu kama kilivyokwenda, kimepoa na kugandamana. Kilimwagwa kwenye pipa lililo nyuma ya jiko. Jirani mmoja aitwaye Boga, mfugaji wa bata, alikuwa akija na mkokoteni wake kila jioni kulichukua. Bata wa Boga walinona mpaka wakawa hawawezi kutembea vizuri.

Kibwana alikwenda wodini kuuliza. Wanawake walimpokea kwa heshima zote. Walimwambia chakula ni kizuri, mashallah, wamekula, wameshiba, Mungu ambariki. Akarudi jikoni amechanganyikiwa, akapunguza chumvi. Kesho yake akaiongeza. Alibadilisha mchele, akamlaumu muuza samaki, akamnunia kila mtu jikoni.

Pwani hakuna mtu mwenye adabu zake atakayemwambia mpishi usoni kwamba chakula chake hakikuliwa. Kibwana ni mtoto wa Pwani na alilijua hilo tangu utotoni, lakini kiburi kilimsahaulisha.

Wakati huohuo, Judy, mtaalamu wa lishe wa hospitali hiyo, alikuwa na hofu yake. Judy ni mwenyeji wa Nyeri, ana miaka michache Kwale, na kazi yake ni kuwapima wagonjwa uzito na kupanga wanachopaswa kula. Wanawake waliokuwa wakilala hapo kwa wiki kadhaa walikuwa wakikonda badala ya kunenepa. Vidonda havikufunga. Alimlaumu mpishi, naye mpishi akamlaumu yeye na mizani yake, na kwa muda wakawa wanasalimiana kwa kichwa tu.

Kamati ya hospitali ikachoka. Ilikuwa ikinunua chakula ili bata wa Boga wanenepe. Kampuni moja ya mjini ilikuwa tayari kuleta vyakula vilivyokwisha kufungwa kwenye vikasha, na kamati ikaamua kwamba ifikapo Ramadhani, kama hali haijabadilika, jiko litafungwa na wapishi wote wanne waende zao.

Kibwana alipoambiwa, hakulala vizuri kwa siku nyingi. Mkewe, Esha, anasema alikuwa akikaa kitandani akitazama dari, na ukimsemesha anajibu jambo jingine kabisa.

"Hoteli ilifungwa kwa sababu ya watalii. Mimi sikuwa na kosa," anasema Kibwana, na safari hii hacheki. "Lakini hapa wagonjwa walikuwepo, chakula kilikuwepo, na walikuwa wanalala na njaa mbele ya macho yangu. Jiko hili lingefungwa kwa sababu yangu. Niliona aibu kuwatazama watoto wangu."

Aliyemfumbua macho ni mgonjwa wa wodi hiyo ya wanawake aitwaye Mapenzi Chengo.

Mapenzi ni mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Samburu, kule bara kavu ya Kinango, kando ya barabara kuu. Alikuwa amekuja Msambweni kumtembelea dada yake aliyeolewa huko, na bodaboda ikamgonga. Mguu wa kulia ulichunwa ngozi kutoka gotini hadi karibu na kifundo. Daktari wa upasuaji, ambaye huja hospitalini hapo siku tano kwa wiki, alimwambia atapandikizwa ngozi, lakini si kabla damu na mwili wake havijapata nguvu. Wiki zikapita na nguvu haikuja.

Mchana mmoja Kibwana aliamua kuipeleka sahani ya Mapenzi kwa mkono wake mwenyewe. Akamwekea, akamuuliza kama chakula cha jana kilikuwa kizuri.

"Sijakionja," Mapenzi akamjibu. "Wala humu ndani hakuna aliyekionja. Usidanganyike na mashallah zao."

Kibwana anasema alihisi kama amepigwa kofi. Mapenzi akamwonyesha kitanda cha pili yake. Hapo alikuwa amelala msichana mmoja aliyekuwa akisubiri upasuaji. Tangu usiku uliotangulia alikuwa amekatazwa kula na kunywa, na foleni ya upasuaji ilikuwa imesukumwa mbele, mara saa nne, mara saa saba. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Huyu mtoto ana njaa kwa amri ya daktari," Mapenzi akamwambia. "Mimi nikae hapa nimtafunie samaki usoni? Kwetu hata mbuzi hatumfanyii hivyo. Na karibu kila siku yupo mmoja kama yeye."

Kibwana akaketi sakafuni, palepale katikati ya vitanda, na akakaa kutazama. Aliyoyaona ndiyo yaliyoliokoa jiko lake.

Sahani zilikuwa zikigawiwa moja moja, kuanzia mlangoni. Aliyepewa kwanza hakula, kwa kuwa jirani yake alikuwa hajapata. Jirani alipopata, wakamsubiri wa tatu. Foleni ilipofika mwisho wa wodi, chakula cha mlangoni kilikuwa kimepoa. Hata hapo, hakuna aliyetia mkono mdomoni mbele ya yule msichana. Mmoja baada ya mwingine walifunika sahani kwa leso na kuzisukuma kwenye kabati. Baadaye wageni walipokuja, walikaribishwa kwa kile chakula, maana mgeni hakai bila kukaribishwa. Kilichobaki kilikwenda kwa bata.

Hakuna aliyewaambia wanawake wale wakubaliane. Kila mmoja alifanya lile alilofundishwa nyumbani, na wodi nzima ikashinda na njaa kwa ajili ya adabu.

Kibwana alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Judy, bila kubisha hodi. Judy anakiri kwamba alifikiri amekuja kugombana. Alipomsikiliza hadi mwisho, alisema kwao Nyeri mtu akipewa chakula anakula, na kwamba mwenyewe amepita wodini mle mara nyingi bila kuyaona hayo.

Wazo la kwanza la Kibwana lilikuwa kutandika mikeka kwenye baraza la nje, kuweka sinia kubwa, na wote wanaoweza kutembea wale pamoja. Judy alilikataa. Mikono ya wagonjwa kumi ndani ya sinia moja, na wengine wana vidonda, ni kuwagawia maradhi. Walibishana siku mbili. Kibwana alisema mtu wa Pwani hawezi kula akiwa amefungiwa kwenye kitanda chake kama mfungwa, na Judy akasema hawezi kuruhusu mtu afe kwa ajili ya sinia. Mwishowe walikutana katikati: mkeka mmoja, wakati mmoja, bismillahi moja, lakini kila mtu na sahani yake.

Judy ndiye aliyelivalia njuga jambo la upasuaji. Alizungumza na daktari na muuguzi mkuu hadi wakakubali kwamba mwenye kusubiri upasuaji ahamishiwe asubuhi katika chumba kidogo cha nyuma, mbali na harufu ya chakula. Upasuaji ukiahirishwa, jiko liarifiwe papo hapo, na mgonjwa apate uji wa moto unaowekwa tayari kwa ajili hiyo. Kwa wasioweza kutoka kitandani, chakula kiingie kwa toroli kikiwa kimefunikwa, na vifuniko vifunuliwe mara moja, kila mtu akishapata.

Siku ya kwanza nusura iharibike. Mikeka ilitandikwa, wanawake wakatoka, wengine kwa mkongojo, Mapenzi kwa kiti cha magurudumu. Sahani zikawekwa. Hakuna aliyegusa kitu. Kibwana alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, jasho likimtoka, akiwaza maneno ya kuiambia kamati.

Ni Mapenzi tena aliyesema. "Mwenyeji wa shughuli hii ni nani? Yuko wapi? Mnatualika halafu mnatusimamia kama askari jela."

Kibwana alielewa mara moja. Mgeni hatangulii kula. Lakini yeye ni mwanamume, na kukaa mkeka mmoja na wanawake waliojifunga kanga za wodini isingefaa. Akamtazama Judy, na Judy akaelewa pia. Akavua viatu, akanawa, akaketi mkekani bila kujua miguu aiweke wapi, akatia mkono kwenye sima ya moto na kuungua vidole.

Wanawake walicheka. Ajuza wa karibu na mlango akamshika Judy mkono na kumfundisha kuimega. Wakacheka tena, na katikati ya kicheko wakaanza kula. Walikula mpaka sahani zikang'aa, na wawili wakaomba kuongezwa.

"Nilikuwa nimesomea lishe miaka minne," Judy anatwambia, "na sijawahi kufurahi kama siku niliyoungua vidole."

Habari njema haijifichi. Wiki ya pili, pipa la nyuma ya jiko lilikuwa na maganda ya muhogo na miba ya samaki tu. Boga alikuja na mkokoteni wake, akachungulia pipani, akaenda kwa Kibwana kulalamika kwamba bata wake wanakonda. Kibwana anasema hajawahi kupewa sifa iliyomwingia moyoni kama lalamiko lile.

Mizani ya Judy nayo ikaanza kupanda. Mapenzi alianza kumtuma dada yake amletee mtsunga, mboga chungu za porini wanazozipenda watu wa kwao, na Kibwana akajifunza kuzipika. Siku moja Mapenzi alimwambia kwamba amezipika vibaya. Akazirudia mpaka zikakubalika. Daktari alipompima tena, alisema mwili uko tayari. Ngozi ikapandikizwa, ikashika.

Jumatatu iliyopita mwenyekiti wa kamati, Bi Subira Abdulaziz, mwalimu mstaafu asiye na mzaha, alifika wakati wa chakula cha mchana bila kutangaza. Hakwenda ofisini. Alikwenda kwanza kwenye pipa, akalifunua mwenyewe, akaangalia ndani. Kisha akaenda barazani, akavua viatu, akakaribishwa, akala. Aliwauliza wanawake maswali mengi, na safari hii mashallah zao alizikagua kwa kutazama sahani.

Aliporudi jikoni, alimkuta Kibwana amesimama wima na wenzake watatu kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Aliwaambia kampuni ya mjini imeshapigiwa simu. Haitakuja. Jiko litabaki, na wao watabaki. Akaongeza kwamba mchicha ulikuwa mzuri, na kutoka kwake hilo si jambo dogo.

Wenzake walipiga vigelegele vya kiume, kama vipo. Kibwana aliingia stoo, akafunga mlango, akalia kati ya magunia ya mchele. Anasimulia hilo bila kuona haya.

Furaha haiji peke yake. Siku mbili baadaye alipigiwa simu na Elijah, aliyekuwa mkubwa wake Diani. Hoteli inafunguliwa upya, na Elijah anamtaka arudi, kwa mshahara mara mbili ya huu wa hospitali. Kibwana aliomba muda, akaenda kushauriana na Esha. Esha alimuuliza swali moja tu: tangu lini analala usingizi wote. Asubuhi akampigia Elijah, akamshukuru, akamwambia anabaki hospitalini.

Sasa ana mipango. Anataka baraza liezekwe makuti kabla ya mvua za masika, ili wanawake wasirudi kula wodini. Amekwisha kulima kipande cha ardhi nyuma ya jiko, na mchicha umeota. Ramadhani hii anataka wagonjwa walioruhusiwa kufunga wafuturu pamoja, kwa tende na uji wa moto. Baada ya hapo ni zamu ya wodi ya wanaume, ambayo Judy anasema itakuwa kazi ngumu zaidi, kwa sababu wanaume hawataki kuonekana wana njaa. Kibwana anasema huko atakaa mkekani yeye mwenyewe.

Tunapojiandaa kuondoka, Mapenzi anakuja jikoni. Leo anaruhusiwa kwenda nyumbani. Ana mkongojo, lakini anautumia kidogo, na mguu wa kulia unakanyaga chini sawasawa. Dada yake anamsubiri langoni na mizigo. Kibwana anaacha mwiko ndani ya sufuria na kutoka kumlaki.

"Nitarudi kukuona, kaka," Mapenzi anamwambia.

"Usirudi, dada yangu," Kibwana anajibu, na sauti yake kubwa imekuwa ndogo. "Kule Diani nilikuwa nikiwaombea wageni warudi mwaka ujao. Nyinyi, wallahi, kila ninapopika, naomba nisiwaone tena."